Mtungi wa Bi Shariffa

Veneranda hakwenda Maskati kufinyanga. Alikwenda kupika na kufua nyumbani kwa Bi Shariffa, mtaa wa Azaiba, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwao wanafanya nini. Hadi siku moja, mvua imetoka kunyesha, Bi Shariffa alipomkuta uani anafinyanga kijungu cha udongo huku akingoja nguo zikauke.

"Nani kakufunza?"

"Bibi, sisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa, mwanamke asiyefinyanga anaonekana mgonjwa."

Bi Shariffa akavuta kiti. "Basi nnataka mtungi kama wa bibi yangu kule Unguja. Maji yake yakinukia mvua. Ya friji nnayaona kama dawa."

"Mkubwa kiasi gani?"

Bi Shariffa akasimama wima, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. "Ulikuwa ukinifika hapa."

"Wakati huo ulikuwa na umri gani, Bibi?"

"Mdogo. Sijaanza hata chuo cha Kurani."

"Sasa si umeshakuwa..."

"Ukinifika hapa, mwanangu. Aliyesimama nao ni mimi, si wewe."

Jioni mwanawe Saud, injinia, alimfafanulia mama yake jinsi watoto wanavyokua na mitungi isivyokua. Mama akamuuliza kama yeye alikuwepo. Hakuwepo.

Ijumaa, Cyprian, dereva wa nyumba, akampeleka Veneranda kwenye wadi, bonde la mto mkavu nje ya mji, kuchimba udongo. Walirudi na pikapu imelalia matairi. Veneranda aliukanda kwa miguu, akauchanganya na mchanga, akaanza kujenga, akizunguka mtungi kinyumenyume kama mama yake alivyomfunza. Kila asubuhi Bi Shariffa alikuja kusimama kando yake kupimwa. Kuna siku alikuja na viatu vya visigino.

"Vua, Bibi. Utaniongezea kazi."

Akavua. Alikumbuka kwamba kwa bibi yake alikuwa anakwenda pekupeku.

Mtungi ulipofika paji la uso wa Bibi, Veneranda alikuwa anaufinyanga mdomo akiwa amesimama juu ya meza ya kulia chakula. Ukakauka. Kuuhamisha haikuwezekana, basi akauzungushia makuti ya mtende na mavi ya mbuzi palepale uani, akawasha.

Moshi ulipopanda, jirani akapiga simu. Gari la zimamoto likaja likilia, na askari wakaingia uani na mpira wa maji. Bi Shariffa akasimama mbele yao na bakora.

"Tone moja tu, mtungi wangu unapasuka!"

Mkubwa wao, Safwan, alishtuka kusikia Kiswahili. Mama yake alizaliwa Tabora. Akauangalia moto, akapiga simu kwa wakubwa zake.

"Ndiyo, moto upo... Hapana, hauunguzi kitu. Ni mtungi... Hatuwezi kuuzima, bwana. Haujaiva."

Wakaletewa kahawa na halwa. Wakakaa kuulinda moto, na mmoja akaonyesha upande ambao makuti yalikuwa yamepungua. Veneranda akayaongeza.

Mtungi ulitoka mwekundu, una baka jeusi ubavuni, mzima. Ulipopoa, ukajazwa maji, ukaachwa utoe jasho. Saud akaleta ngazi.

"Ya nini?" akauliza Bi Shariffa.

"Upande, Mama, uchote."

"Mimi sikupanda ngazi. Nilikuwa nikibebwa."

Veneranda akamtazama yule mama, nywele zote mvi, kasimama mbele ya mtungi na mikono juu. Akajifunga kanga kiunoni, akamkumbatia magotini, akamwinua. Bi Shariffa akachota kwa kata, akanywa akiwa amefumba macho, akakaa huko juu muda mrefu. Veneranda alihisi mwili wa Bibi unatetemeka, asijue ni kicheko au kilio.

"Nishushe," akasema mwisho. "Ndiyo yenyewe."

Tangu hapo ikawa ada ya nyumba ile: hanywi mtu asipobebwa. Wageni walibebwa. Safwan, aliyekuja kusalimia, alibebwa. Saud alikataa kwa siku kadhaa, akinywa maji ya chupa chumbani kwake. Kisha mchana mmoja wa joto kali alirudi kazini, akapita uani na kanzu yake nyeupe na tumbo lake, akasimama mbele ya mtungi bila kumtazama mtu, akainua mikono.

Veneranda akamwita Cyprian aje washirikiane kumwinua.