Usukani wa Tano

Jumatatu saa tano asubuhi, kwenye banda lake la Tangini nyuma ya mashine ya kusaga, fundi Telesphory alilegeza nati nne kwa spana namba kumi na mbili, akaung'oa usukani wa zamani wa pikipiki ya Shija na kuulaza juu ya gunia. Ulikuwa umejikunja upande wa kushoto, ncha yake imegeuka kumwelekea dereva. Yunisi, mama yake Shija, alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, mkoba magotini. Akamwomba fundi asiutupe. Telesphory akasema hautupi. Alikwisha kuchomoa waya wa klachi, waya wa breki na ile mipira ya kushikia; sasa akafunga usukani mpya, akasimama mbele ya gurudumu na kufumba jicho moja apime kama umekaa sawa. Ulikuwa umekaa sawa.

Shija alikuwa na miezi miwili kaburini. Alikufa kwenye barabara ya kwenda Kisarawe akiwa na abiria mmoja, alipokutana na lori lililobeba mabati. Pikipiki ililetwa nyumbani Dutumi siku ya tatu ya msiba, ikaegeshwa karibu na zizi la mbuzi, na kuku wakaanza kulalia kiti chake. Yunisi hakutaka kuiuza. Alitaka Hashiru, aliyekuwa akiegesha na Shija kijiwe kimoja, aiendeshe, ili angalau asikie mlio wake ukipita njiani.

Hashiru akaiendesha Jumatatu hiyo mpaka jioni bila tatizo. Jumanne akapiga simu.

"Mama shikamoo. Chombo imekata kushoto."

"Marahaba. Umeanguka?"

"Sijaanguka. Ipo kwenye stendi yake, mimi nipo kwenye chapati."

Alieleza kwamba usukani uligeuka taratibu kwenda kushoto mpaka ulipogota, kisha chuma kikajikunja, na wala haukutoa sauti. Watu wa kijiweni waliangalia, wakarudi kwenye chai yao. Hashiru naye alimaliza chapati yake kwanza ndipo akaisukuma mpaka kwa fundi.

Telesphory akakagua kile chuma. Hakikuwa na ufa wala mkwaruzo. Akasema kuna vyombo vina tabia zake, hata kwao Muleba mjomba wake alikuwa na baiskeli isiyokubali kupita mbele ya nyumba ya mtu fulani, ikabidi wazoee kuzunguka. Akafunga usukani mwingine. Jumatano nao ukakata kushoto ukajikunja, Hashiru akiwa na abiria anayetafuta chenji. Telesphory akafunga wa tatu, wa chuma kinene, uliotoka kwenye pikipiki kubwa ya mizigo. Kuanzia huo hakutaja tena bei.

Hashiru ndiye aliyeangalia saa. Siku zote mbili ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili asubuhi.

Yunisi aliposikia hivyo akaingia ndani, akatoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, kule Kwimba, kabla mumewe hajawahamishia Pwani na ng'ombe kumi na mmoja. Alisoma vizuri tu, ilimradi asiharakishwe. Na siku ile aliharakishwa. Shija alikuwa amelala kwenye chumba cha baridi, gari la kumbeba linanguruma nje, kaburi limeshachimbwa Dutumi, mvua inakuja kutoka upande wa Mlandizi, na wanaume waliochimba wanapiga simu kuuliza mbona hamfiki, shimo litajaa maji. Askari akampa karatasi mbili na kalamu. Akasoma mpaka penye jina la Shija, hapo macho yakakataa kuendelea, akasaini. Kwao mtoto hulazwa kabla jua halijazama, na jua lilikuwa linakwenda.

Ile karatasi aliisoma yote baada ya kuondoa tanga. Ilisema ajali ilitokea saa nne kasoro dakika kumi na mbili asubuhi. Ilisema mwendesha pikipiki alikata kulia ghafla, bila tahadhari, akaingia mbele ya lori. Chini yake ilisema ndugu wa marehemu amesoma maelezo haya na kuyakubali, na hapo palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, Yunisi, wenye mkia mrefu kama alivyofundishwa na mwalimu.

Kilichomwuma zaidi ni kwamba aliyaamini. Wageni walipokuja kumpa pole aliwaambia, Shija alikuwa na haraka tangu tumboni, alikuja kabla ya mwezi wake. Akawaambia, vijana hawasikii. Alimsema mwanawe mbele ya watu miezi miwili mizima, na Shija hakuwepo kujitetea.

Alhamisi akaenda kwenye ile ofisi ya polisi iliyoandika karatasi. Hashiru akaisukuma pikipiki mpaka uani kwao, ikiwa na usukani wa tatu. Askari aliyetoka kuwasikiliza aliitwa Kitwana, mtu mpole, ana mafua. Alimpa Yunisi kiti chake. Akaegemea ukuta wakasubiri pamoja, wakiongea habari za mihogo na nguruwe pori wanaoifukua. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili usukani ukakata kushoto, ukagota, ukajikunja. Afande Kitwana akatazama saa yake, akaandika.

"Nimeuona, mama. Umekwenda kushoto."

"Basi andika alikata kushoto."

"Nimeandika usukani umekwenda kushoto. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini yeye tuliandika kulia, na wewe ulisaini."

"Nilisaini nimpeleke nyumbani."

"Najua, mama. Wote wanasainia hivyo."

Yunisi akamwomba basi jina lake tu lifutwe. Waiache kulia yao, ila yeye asiwemo. Afande akapenga kamasi, akasema karatasi ikishasainiwa ni ya faili, si yake tena wala si ya mama. Labda pangekuwa na shahidi. Yunisi akamwuliza kama yule abiria aliulizwa. Afande akafungua faili, akalifunga. Abiria alikuwa amelazwa, mguu umening'inizwa, na alipotoka hospitali kazi ya faili ilikuwa imekwisha.

Abiria mwenyewe, kwa mujibu wa faili, aliitwa Salama, fundi cherehani, na alikuwa akiishi Kisarawe. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi Telesphory akafunga usukani wa nne, Yunisi akapanda nyuma ya Hashiru, wakaondoka mapema ili wafike kabla ya saa yao. Hiyo ndiyo barabara aliyokufia Shija. Hashiru hakusimama, na Yunisi hakumwuliza ni wapi. Walipofika sehemu fulani yenye mikorosho upande wa kushoto, Hashiru alipunguza mwendo, akavua kofia yake ngumu, akaivaa tena.

Njia nzima Yunisi alikuwa akimuwaza Shija wa asubuhi ile ya mwisho. Alikuwa uani anafuta pikipiki na fulana kuukuu, na Yunisi anakoroga uji. Nyumba yao ilikuwa ya vitendawili. Walitegeana tangu Shija hajui kutamka r, na sheria ilikuwa ileile ya kila mahali: ukishindwa unatoa mji, mwenye kitendawili anakwenda kwenye mji huo, anasimulia alivyopokewa, ndipo anakupa jibu. Asubuhi ile Yunisi alitunga kipya papo hapo, akimwangalia mwanawe anavyofuta.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mapacha wangu wameshikana mkono. Mmoja akija kwangu, mwenzake ananikimbia."

Shija akajibu hapo hapo, Kulwa na Doto. Hao ni dada zake pacha, aliozaliwa nyuma yao, na ndiyo maana akaitwa Shija. Yunisi akasema Kulwa na Doto hawajawahi kushikana mkono ila kwa ugomvi. Shija akasema basi macho. Siyo. Milango ya kanisa. Siyo. Akanywa uji wake amesimama, akapiga pikipiki teke.

"Basi nipe mji," Yunisi akamwambia.

"Mji sikupi. Jioni narudi na jibu."

Salama walimkuta barazani, amekaa kwenye cherehani, anakanyaga kwa mguu mmoja. Mwingine ulikuwa umenyooshwa juu ya stuli. Aliwakaribisha maji, akamwambia Yunisi shikamoo mara mbili. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kitu, kwa hiyo alikuwa na maneno mengi, lakini aliyasema polepole.

Lori lilikuja mbele yao, likiwa linalipita lori lingine, limechukua upande wao wote wa barabara. Shija alikata kushoto. Alikata kushoto mpaka usukani ukagota, wakaingia majanini, na lori likawafuata hukohuko majanini. Yeye alirushwa kwenye mikorosho. Kulia kulikuwa na lile lori jingine, mama, asingekata kulia hata kichaa.

Yunisi akaitikia kwa kichwa. Akaomba maji mengine.

"Alikuwa anaongea njia nzima," Salama akasema. "Ameniambia dada nisaidie, mama yangu leo kaniweza. Akanitegea mapacha walioshikana mkono. Kila abiria tangu asubuhi alikuwa amemtegea, wala hakuna aliyepata."

"Wewe ulisemaje?"

"Nikasema mkasi. Akacheka, akasema nimeutaja kwa sababu ya kazi yangu tu. Nikashindwa, nikampa mji. Nikampa Kisarawe, si ndiko tulikokuwa tunakuja. Akaniambia huo mji siyo wangu dada, jibu sinalo, lakini naupokea, jioni nampelekea mama." Akakanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Ndipo lori."

Hashiru alikuwa amegeukia ukutani. Saa yao ikafika. Pale uani pikipiki ikageuza usukani kushoto, taratibu, ikaukunja. Salama akautazama mpaka mwisho.

"Ndivyo hivyohivyo," akasema. "Ila siku ile ilikuwa haraka."

Kisha akauliza jibu ni nini. Yunisi akamwambia amsamehe, hawezi kumpa. Aliyelikosa wa kwanza ndiye wa kuambiwa wa kwanza. Salama akaona ni haki.

Walirudi kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pikipiki imelazwa nyuma, na maelezo ya Salama yameandikwa kwenye karatasi ya daftari, yamesainiwa. Safari hii Yunisi alimsomea Salama kila mstari kwanza, pole pole, mara mbili. Afande Kitwana aliyapokea kwa mikono miwili, akayatoboa tundu, akayaweka kwenye faili.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, yana mhuri. Yunisi aliketi kitandani akayasoma bila kuharakishwa na mtu. Yalisema maelezo ya abiria yamepokelewa nje ya muda. Yalisema imebainika kwamba pikipiki tajwa ina kasoro ya usukani kuvuta kushoto, hivyo isitumike barabarani mpaka itakapotengenezwa na kukaguliwa. Yalisema taarifa ya awali inabaki kama ilivyosainiwa na ndugu wa marehemu. Halafu likaja jina la ndugu wa marehemu, kwa herufi za mashine, halina mkia.

Aliikunja hiyo karatasi, akaiweka pamoja na ile ya kwanza.

Telesphory akaja mwenyewe Dutumi Jumapili jioni, na spana zake mfukoni, akafunga usukani wa tano pale pale penye zizi la mbuzi. Yunisi alimwambia pikipiki imekatazwa barabarani. Telesphory akasema anajua, Hashiru kamwambia. Akafumba jicho moja, akapima. Akasema ukijikunja amwite, vyuma anavyo vingi. Zile sukani nne, pamoja na ule wa zamani, alikuwa amezileta kwenye gunia. Yunisi akazipanga ukutani chini ya dirisha, zote zimeelekea upande mmoja.

Jumatatu, uji ulipoiva, alimimina vikombe viwili, akatoka navyo uani. Kuku akashuka kwenye kiti. Yunisi akavuta kigoda, akakaa mahali alipokaa asubuhi ile, akaweka kikombe kimoja juu ya tangi la mafuta, palipo bapa.

"Shija," akasema, "mji wako nimeupata. Salama kanipa. Nimekwenda Kisarawe, wamenipokea vizuri. Wamenipa kiti, wamenipa maji mara mbili, wamenisimulia habari zako zote, na zote nzuri. Niliyosema msibani nimeyasema vibaya."

Akanywa uji kidogo, kwa sababu ulikuwa unapoa. Akanyoosha mkono, akashika ule mpira wa kushoto, uliokuwa bado umelika pale dole gumba la Shija lilipokuwa likikaa.

"Jibu lake ni huu usukani. Ulikuwa umeushika, baba. Asubuhi yote ulikuwa umeushika."

Labda alitegemea kwamba Shija akishaambiwa atatulia. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili, pacha wa kushoto akaja kwake, wa kulia akamkimbia, na chuma kikajikunja ndani ya mkono wake, taratibu. Yunisi hakuachia. Akakishika kikombe kwa mkono mwingine kisimwagike, akangoja mpaka kila kitu kilipotulia.

Halafu akampigia Telesphory simu. Ndani, mkobani, kwenye ile karatasi, juu ya jina lake lenye mkia mrefu, Shija alikuwa bado anakata kulia.