Wilaya Isiyokufa kwa Ini

Mimi si mtu wa kuamini takwimu nzuri. Miaka ishirini na mbili napanga vyeti vya vifo hapa Chisinau, mji mkuu, kwa aina ya ugonjwa, na kila mwaka mstari wa ini lililoharibiwa na pombe umepanda Moldova nzima, isipokuwa wilaya moja. Huko umeshuka miaka sita mfululizo, hadi nusu. Wilaya hiyo ni kwetu. Nawajua watu wa kwetu. Hawajapunguza hata kikombe.

Mkuu wangu alifurahi. "Efimia, dada, unanuna nini? Watu wamepona!"

Kwa furaha hiyo kliniki ya ini ya wilaya ikapangiwa kufungwa kabla ya mavuno ya zabibu. Kaka yangu Sandu hutolewa maji tumboni pale kila wiki mbili. Kliniki nyingine iko mbali, naye hawezi hata kupanda ngazi za basi.

Basi nikabeba nakala za vyeti, nikaenda. Nilimshuku mwenye kiwanda cha divai, nikamshuku diwani, na zaidi ya wote Haralambie, daktari wa kijiji, maana vyeti vilijaa mwandiko wake. Nilijiambia huyu amekula mlungula.

Nilimkuta zahanati akila maharage. Nikamwaga vyeti mezani.

"Arobaini na moja, daktari. Wote umewaandikia moyo?"

"Kaa kwanza, mama. Kula."

"Sili. Huyu Gavril alikuwa njano mpaka macho. Moyo?"

"Kwani moyo wake haukusimama?"

"Usinichezee. Nani anakulipa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Anilipe nani! Wajane wanakuja hapa wanalia. Nikiandika ini, nani atakunywa divai ya marehemu siku ya arobaini? Divai ya pipa lililomuua mwenyewe? Meza itakosa watu, aibu imbakie mjane. Wewe si mzaliwa wa hapa? Unajua."

"Na wewe ukakubali uongo."

"Nilikataa miaka mingi. Halafu nikakubali mara moja, kijiji kizima kikasikia." Alinitazama. "Nikuonyeshe cha kwanza?"

Sikutaka. Nilikijua. Kilikuwa cha baba. Ni mimi niliyepiga simu kutoka mjini nikamsihi aandike moyo, mama apate kumimina divai bila kunyooshewa vidole. Nilidhani kimoja kitapotelea kwenye maelfu. Kilipofika ofisini nilikipanga kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona haya.

"Nitavisahihisha," alisema Haralambie, "lakini lazima wajane watie sahihi. Anza na mama yako. Wengine watafuata, kama walivyofuata mwanzo."

Nyumbani mama alinipokea kwa kikombe cha divai kutoka pipa lile lile la baba. Sandu alikuwa amelala kwenye benchi, tumbo limemvimba. Nikaweka mezani fomu ya kusahihisha cheti cha baba.

"Umekuja kumvua baba yako nguo mbele za watu?" mama alifoka. "Mwache apumzike!"

"Apumzike. Na Sandu je, wakifunga kliniki?"

"Mungu anamjua."

"Mungu anajua, mama. Wasiojua ni wa Chisinau, na ni mimi niliyewadanganya."

Alimtazama Sandu. Kisha akauliza, polepole, "Na huyu akifa, utaandika nini?"

"Ini. Ndiyo maana nataka asife."

Alikisogeza kikombe pembeni karatasi isilowe, akachukua kalamu, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja.