Ukuta wa Upande wa Mashine

Nesi alimfungua mke wangu kile kitambaa cha kupimia presha, akaandika kwenye kadi, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ndiye niliyeipandisha.

"Mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa. Namwona kwa macho yangu."

"Basi kuna na hofu humu. Mama, usiku unalala?"

Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. "Nalala kidogo, dada."

"Kama kuku," nikadakia. "Jicho moja."

Nesi hakucheka. Alivuta droo akatoa karatasi yenye picha za mwanamke mjamzito aliyekaa kwenye kiti, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne. Itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Kaza vidole vya miguu, vilegeze. Kaza mapaja, yalegeze. Hivyo hivyo mpaka usoni.

"Mara mbili kwa siku, dakika kumi na tano, mahali patulivu. Kwenu pametulia?"

Hapo nilikwama. Mimi ni msaga nafaka. Ukuta wa chumba tunacholala ndio ukuta wa mashine. Mota ikiwaka, vikombe vinacheza kabatini.

"Patatulia," nikasema.

"Mrudi Alhamisi ijayo. Ikiwa bado iko juu hivi, tunamlaza. Na akilazwa, hatoki mpaka ajifungue."

Niliona vidole vya mke wangu vikishika ukingo wa kiti. Wodi ile aliijua. Miaka miwili nyuma alilala humo siku nne akatoka mikono mitupu, na mimba ilikuwa imefika miezi minane. Hii ya sasa ilikuwa na miezi saba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa anaambiwa akalale na ung'ongo huo miezi miwili.

Kesho yake saa nne asubuhi nikazima mashine. Nje kulikuwa na foleni ya watu saba na ndoo zao. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mfuga kuku, mwanamke wa miraba minne ambaye husaga chakula cha kuku mia tatu na hajawahi kusema neno kwa sauti ndogo.

"Mwenye mashine! Umeme umekatika?"

"Upo."

"Sasa?"

"Mke wangu anapumua."

"Kwani siku nyingine hapumui?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikajipangusa unga usoni, nikaingia ndani.

Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo kusoma nasoma, ila kwa mwendo wa kinyonga. Mke wangu alikaa kitandani. Mimi nilikaa kwenye gunia la pumba, karatasi mkononi.

"Vuta. Moja, mbili, tatu, nne. Toa. Moja, mbili..."

Alifuata kila neno kama mwanafunzi anayeogopa fimbo. Chumba kilikuwa kimya mpaka nilisikia mende wakitembea nyuma ya kabati. Kwa kweli mimi ndiye niliyefaidi. Nilipofika kwenye mapaja kope zilikuwa zinagongana. Nimesimama kwenye mashine ile miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia nikae chini nilegeze chochote.

Siku ya tatu nilianza kuona mambo hayaendi. Macho yake yalikuwa wazi, yametazama pembeni kama mtu anayesikiliza mlango. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Legeza mabega."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza. Mabega yako masikioni."

"Nimesema nimelegeza, baba."

Jumatatu uvumilivu ukaniishia. Asubuhi ile watu wawili walikuwa wamebeba ndoo zao wakaenda kwa msagaji wa barabara ya pili, na mgongo ulikuwa unaniuma tangu nilipoamka. Nikaitupa karatasi kitandani.

"Nazima mashine kwa ajili yako, watu wananisema mpaka wanachoka, na wewe hata hujitahidi! Unataka kulazwa?"

Aliiokota karatasi, akainyoosha juu ya goti lake, akaniletea. Afadhali angenitukana.

Jumanne mfuga kuku alifika saa nne kasoro dakika tano na magunia mawili.

"Kuku wangu hawajala tangu jana. Leo mkeo apumue baadaye."

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu wa sauti ile. Nikasaga. Ilipokaribia saa nne na nusu nikamwachia alinde gunia la mwisho, nikaingia ndani kuomba radhi kwa kuchelewa.

Mke wangu alikuwa sakafuni. Moyo ulinipasuka, halafu nikaona vizuri. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa upande wa mashine, miguu ameinyoosha, mdomo wazi. Alikuwa anakoroma. Ukuta ulikuwa unatetemeka na yeye anatetemeka nao, mashavu na yote. Wiki nyingi sikuwa nimemwona amelala vile.

Nikafanya jambo ambalo kila mume mwenye akili nusu angefanya. Nilitoka kwa kunyata, nikazima mashine ili asisumbuliwe.

Niliporudi alikuwa amesimama, mikono yote miwili imeshika tumbo.

"Umeizima ya nini?"

"Ulikuwa umelala."

"Iwashe."

"Nesi kasema patulie."

"Iwashe, nakuomba!"

Nilitoka nikaiwasha. Mfuga kuku aliniuliza kama mimi na mashine tunacheza kombolela kama watoto. Niliporudi mke wangu alikuwa ameketi tena palepale ukutani, anapangusa macho kwa upande wa kanga.

"Siku ile mota iliungua," alisema. "Unakumbuka? Uliipeleka kwa fundi, ukakaa huko siku tatu."

Nilikumbuka. Fundi alikuwa anasuka upya nyaya za mota, na mimi nilikuwa nalala kwenye benchi lake.

"Nyumba ilikuwa kimya. Nikakaa hapa, hakuna kinachosikika. Ndipo nikagundua hata tumboni kumetulia. Sasa ukizima mashine, mimi sipumziki. Namsikiliza huyu kama yupo."

Miaka miwili, na sikuwahi kumuuliza siku ile aligunduaje. Nilidhani kutomuuliza ndiko kumhurumia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisoma ile karatasi kwa bidii. Nikaona nisikuvunje moyo." Akauvuta mkono wangu wenye unga, akauweka tumboni. "Mashine ikiwaka anacheza. Sikia."

Likaja teke, la nguvu kweli.

Kuanzia hapo tulihesabu mashine ikiwa inanguruma. Yeye mgongo ukutani, mimi napiga kelele "Vuta!" kama kondakta, na foleni nje inaitikia "Toa!" Mfuga kuku ndiye aliyewafundisha.

Alhamisi tulifika kliniki mapema. Nesi akapima. Mia na hamsini kwa tisini na tano.

"Bado," alisema, na akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kuliko sisi. "Sikilizeni. Kuna chumba kile cha mwisho, hakina watu. Akae dakika kumi na tano atulie, nipime tena. Ikibaki hapo, kitanda kipo."

Chumba chenyewe kilikuwa na benchi moja, dirisha lililofungwa na ukimya wa kaburi. Mke wangu alikaa, na mara hiyo macho yakaanza kwenda pembeni. Mikono ikashuka tumboni. Nikajua maji yamezidi unga.

Nikakaa nyuma yake, mgongo wangu kwenye mgongo wake, nikafumba mdomo nikaanza kunguruma. Sauti niliitoa chini kabisa kifuani, mbavu zikatetemeka. Mashine ile naijua: inavyoanza kwa kukohoa, inavyopanda, inavyozama mahindi yakimiminika. Mwanzoni alishtuka, kisha akacheka kidogo. Kichwa chake kikaja kuegemea kisogo changu.

"Anacheza," alinong'ona.

Nikavuta pumzi, nikaendelea.

Mlango ukafunguka. "Baba, unaumwa?"

"Nasaga," nikasema, nikaendelea kusaga.

Nesi alisimama pale kidogo, halafu akafunga mlango taratibu. Aliporudi alipima, akapima mara ya pili.

"Mia na thelathini na sita kwa themanini na sita. Dawa iendelee. Nendeni nyumbani, mrudi Jumatatu. Na baba... fanya hivyo hivyo."

Tulirudi polepole, yeye ameshika mkono wangu, mimi sauti imekauka kabisa. Mfuga kuku alikuwa amekaa juu ya gunia mlangoni kwetu.

"Mwenye mashine! Anapumua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikavaa shati la kazi, nikawasha.

Jioni foleni iliisha. Mahindi ya mwisho yalipita, mtu akabeba ndoo yake akaenda. Mashine ikizunguka tupu inajila yenyewe, msagaji yeyote anajua hilo. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi na miguu ilikuwa inawaka moto. Nikaweka sikio ukutani nikamsikia anakoroma.

Nikaiacha swichi, nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia.