Kofia ya Kuazima

Babu Elinami alipofariki, mwaka tisini na tatu, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa ibadani. Kwetu mjukuu aliyesoma ndiye hubebeshwa mzigo huo, na mimi nilikuwa mwalimu. Baba yangu, Ndesanjo, aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Kijenge mara tu biashara binafsi ziliporuhusiwa, alinipa mstari wa kwanza kabla sijashika kalamu.

"Lydia, andika alikuwa dereva wa treni. Miaka thelathini na moja."

Dereva wa treni! Nimekua na maneno hayo. Baba aliyataja harusini, vikaoni, hata kwa wateja waliokuja kununua misumari tu.

Nilikwenda Kimandolu kwa Bibi Agnela, mjane wa babu, nikaomba picha za zamani ili nipate miaka na vituo. Zilikuwa saba, ndani ya kopo la biskuti. Nikazipanga kitandani, na kadiri nilivyozitazama ndivyo nilivyozidi kuingiwa na wasiwasi. Picha moja tu ilimwonyesha babu kando ya injini, amevaa kofia ya dereva iliyommeza masikio. Katika sita zilizobaki, ambazo nyuma ziliandikwa 1938 hadi 1969, alikuwa chini relini na wanaume wengine, ameshika nyundo na spana ndefu. Injini haikuwapo.

"Bibi, hii kofia ni ya nani?"

Aliisogeza picha dirishani. "Ya dereva mmoja, alimwazima apigie picha. Ndiyo picha aliyonitumia wakati wa uchumba. Nikaja na sanduku langu nikijua naolewa na dereva. Nikakuta kibanda cha genge la reli, wale vibarua wa kutunza njia, pale Kikuletwa, na mwanamume anayetembea reli kila alfajiri akikaza bolti." Alicheka kidogo, kisha akalia. "Nilinuna mwezi mzima. Halafu nikaona anavyotoka hata mvua ikinyesha. Andika kazi hiyo, mjukuu wangu. Asizikwe na kazi ya mtu mwingine."

Baba aliposoma nilichoandika, alikunja uso.

"Unataka kunivua nguo mbele za watu?"

"Bibi ndiye aliyesema, Baba."

"Mama ana uchungu. Futa."

Sikufuta. Nilikuwa na hasira naye: ana duka, ana gari, na bado anaionea haya nyundo ya baba yake. Msomaji alikuwa yeye, mwana mkubwa, kwa hiyo nikampa karatasi ileile. Akitaka kuruka mstari, auruke mwenyewe.

Siku ya maziko alisoma vizuri kuzaliwa, ubatizo na ndoa. Alipofika kwenye kazi akainua macho kumtazama Bibi, mpaka mchungaji akamsogelea. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alikuwa mfanyakazi wa genge la reli," baba akasoma. "Kila siku alitembea maili sita akikaza bolti. Kwenye kipande chake hakuna treni iliyowahi kuanguka."

Kisha akaikunja karatasi, akasema maneno ambayo sikuyaandika.

"Nikiwa na miaka kumi na minne nilikuwa ndani ya treni na wenzangu wa shule. Tukampita amesimama kando ya reli. Alinitambua dirishani, akanipungia mkono kwa furaha. Wenzangu wakauliza, yule ni nani? Nikasema simjui."

Akaligeukia jeneza.

"Shikamoo, Baba."