Ng'ambo ya Barabara Kuu

Mshonaji mmoja, waliyemwita Bi Pindo kwa umahiri wake wa kupunguza suruali, aliweza kuliona bati la nyumba ya baba yake kutoka dirisha la kibanda chake. Kulifikia ndiyo ilikuwa kazi. Katikati ilipita barabara kuu ya njia nane, yenye ukuta wa zege pande zote, nayo ndiyo iliyokuwa mpaka wa miji miwili. Miji yote ile ya pembezoni ilijengwa kana kwamba watu wake hawana haja na majirani ila na jiji tu. Kumwona baba, Bi Pindo alipanda basi hadi stendi kuu ya jiji, kisha jingine la kurudi upande wa pili. Saa mbili unusu, kwenda tu.

Mzee alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Siku moja akateleza bafuni, akakaa sakafuni asubuhi nzima. Jirani alipompigia simu, Bi Pindo alibaki dirishani akilitazama bati lile, hana mbawa. Alipofika alimsihi ahamie kwake. Mzee akakataa katakata: haachi nyumba aliyoijenga mwenyewe akaishi kwa mkwe.

Kesho yake Bi Pindo akaenda halmashauri ya mji wake kuomba daraja la waenda kwa miguu. Mhandisi, mama mpole, akamweleza kuwa jambo hilo ni la upande wa pili. Bwana mipango wa upande wa pili akamrudisha kwa mhandisi. Kwa miezi mitano wakampiga danadana. Mumewe akamshauri aache, atajiua kwa presha. Akajibu kuwa mtu hachoki kubisha hodi kwa baba yake.

Mwishowe akawaandikia wote wawili: siku ileile, saa ileile, waje kibandani wamwonyeshe mpaka unapoishia. Wakaja. Kumbe walikuwa hawajawahi kuonana.

"Baba yangu yuko chini ya bati lile," Bi Pindo akawaambia. "Ametuwekea chai. Twendeni."

Wakaingia gari la mhandisi. Pa kugeuzia palikuwa mbali, karibu na jiji, na foleni ilikuwa imeganda. Bwana mipango alianza safari kwa maneno mengi. Baada ya saa nzima alikuwa akitazama saa yake tu.

Mzee aliwamiminia chai kwa mkono wa kushoto, nusu kikombeni nusu kwenye kisahani, na hakutaka kusaidiwa.

"Ukianguka, mzee, nani anakuja?" mhandisi akauliza.

"Huyu," akasema, akimwelekezea binti yake kidevu. "Akifika."

Bwana mipango akaweka kikombe chini, akamwambia mhandisi, "Daraja hilo, nusu yangu, nusu yako." Mhandisi akatoa kalamu. Barua ya pamoja ikaandikwa pale pale mezani.

Ilichukua mwaka na ushei, na kila mwisho wa mwezi Bi Pindo alifika ofisi zote mbili kuwakumbusha, hata mabawabu wakawa wanamwita shangazi. Daraja la chuma likasimama, lina ngazi na njia ya viti vya magurudumu. Kuvuka, dakika sita.

Wiki ya kwanza haijaisha, mzee alifungua mlango akamkuta tena kizingitini.

"Si ulikuwa hapa jana?"

"Na kesho nipo," akasema Bi Pindo, akampita kwenda kuosha vyombo.