Cheri, Paka, Treni

Daktari Kuwabara amewauliza wazee wa mji wa Akita maneno hayo matatu maisha yake yote: cheri, paka, treni. Mzee hutajiwa, huchanganywa kidogo na hesabu, kisha huambiwa ayataje tena. Akishindwa, basi kichwa kimeanza kumtupa mkono.

Siku hiyo, kwenye mafunzo ya madaktari kuhusu maradhi ya uzeeni, waliambiwa wapimane wawili wawili. Kuwabara akaangukia kwa Minagawa, binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Leo mgonjwa ni wewe, mwalimu," alisema Minagawa. "Usije ukanitoroka."

"Pima tu. Mimi mzee, si mwizi."

Minagawa akamtajia maneno matatu, kisha akamwambia atoe saba katika mia, na saba tena. Kuwabara akajibu bila kukwama.

"Haya, yale maneno?"

"Cheri, paka, treni."

Minagawa akacheka, akaziba mdomo. "Mazoea yana taabu, mwalimu. Makusudi nilikutajia maneno mengine matatu, si hayo. Jaribu tena."

Kuwabara naye akacheka. Alipapasa kichwani mwake kama mtu anayetafuta mlango gizani, asiguse hata ukuta. Maneno gani mengine? Hakusikia mengine.

"Moja ni mnyama," Minagawa akamdokeza, kama wanavyodokezwa wagonjwa.

Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga soga.

"Paka," alisema Kuwabara.

Safari hii Minagawa hakucheka.