Kibao cha Kubana

Bi Nasiha alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja katika shule ya wasichana huko Ganjoni, na hakuwahi kumpa mwanafunzi alama kwa jibu la kubahatisha. Kwa hiyo fundi Kahindi alipomwekea vifurushi viwili mezani, dukani kwake Makadara, akamwambia achague anachopenda, alimrudi papo hapo.

"Sikuja kuchagua leso, fundi. Nieleze kila kimoja kinafanya kazi vipi na kinaharibika vipi."

Kahindi akacheka. "Mwalimu, mimi shule niliitoroka kwa sababu ya watu kama wewe."

"Na bado tumekupata. Haya, sema."

Kati yao ilikaa kompyuta ya marehemu babake Bi Nasiha, Mzee Kamaludin, aliyekuwa karani bandarini. Ilikuwa kisanduku kilichogeuka rangi ya manjano, kioo chake kidogo kama sahani, hakina feni ndani. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128. Ile ya ofisini kwake ilikuwa na 512, na huko ndiko mzee alikobaki kila jioni kwa miaka mitatu, akipiga chapa nyimbo za vugo alizotajiwa na mkewe, Bi Mwanakuu: zile nyimbo ambazo wanawake huziimba harusini wakigonga pembe. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Waliozijua zote walikuwa wamekufa, Bi Mwanakuu akiwa wa mwisho. Madaftari yaliliwa na mchwa. Kompyuta ya ofisini ilitupwa. Ilibaki diski moja, ambayo mashine za aina nyingine haziwezi kuisoma, na ndani yake faili moja kubwa isiyoingia katika 128. Vile vifurushi viwili vilikuwa njia mbili za kuifikisha kumbukumbu ya mashine hii 512.

"Hizi ni chipu kumi na sita," Kahindi alisema. "Natoa za zamani zote, nalehemu hizi. Zikishika zimeshika. Lakini bodi ina miaka arubaini, njia zake za shaba nyembamba kama unywele. Moto ukizidi zinabanduka, na hapo sina la kukwambia."

"Na hiki?"

"Kibao cha kubana. Kinaikumbatia ile chipu kubwa, ubongo wa mashine, kwa juu, meno yake yanashika miguu ya chipu. Hakuna moto. Ila kinategemea mguso. Mguu mmoja ukikosa mguso, mashine inapotewa na akili."

Waliotengeneza vitu hivyo, wote wawili, walikuwa wamefunga kazi zamani. Hapakuwa na wa kuulizwa.

"Bodi kuukuu ulizowahi kulehemu, zimekufa ngapi?"

"Katika tano, mbili."

"Basi kibao."

"Hukuniuliza vibao vya kubana nimefunga vingapi."

"Vingapi?"

"Hiki ndicho cha kwanza."

Bi Nasiha akasema tena, "Kibao." Mbili katika tano aliijua ni hatari ya kiasi gani. Ya kibao hakuijua, naye akaihesabu kama sifuri. Mwanafunzi wake angefanya hivyo, angemkata alama.

Kahindi akaifuta miguu ya chipu kwa spiriti, akakibana kibao. Kioo kikaonyesha 512. Wakaiacha mashine imewaka saa tatu nzima, kisanduku kikiwa wazi chini ya pangaboi. Haikukosea hata mara moja. Akafunga kisanduku kwa skrubu.

"Diski hii huwezi kuikinga isiandikwe," alimwonya. "Programu yenyewe inaandika humo humo inapofanya kazi. Ukiifungua, piga picha kwa simu, teremsha, piga tena. Usibonyeze kingine."

Ilikuwa Alhamisi. Baada ya alasiri, nyumbani Ndia Kuu, Bi Nasiha aliifukiza nyumba kwa udi na ubani kama alivyofanya mamake, na kama alivyofanya mwenyewe kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa tangu mamake afe. Alianzia chumba cha babake, chetezo juu ya meza, kando ya mashine, mahali pake pa siku zote. Kisha akaiwasha mashine, akatia diski.

Nyimbo zikafunguka.

Alipiga picha ukurasa wa kwanza. Akahakikisha herufi zinasomeka, akateremsha, akapiga wa pili. Alipoteremsha tena, herufi ziligeuka vijisanduku. Diski ikaanza kukoroma, ikaandika, ikaandika, muda mrefu kuliko ilivyopasa. Akang'oa waya ukutani. Alipoiwasha tena, mashine ilimwuliza kama anataka diski hii isiyosomeka ifutwe na kuandaliwa upya.

Jumamosi Kahindi alifungua kisanduku, akatazama kwa kioo cha kukuzia.

"Mwalimu, njoo unuse."

Nyuma ya miguu ya chipu, mahali ambapo kitambaa chake hakikufika, palikuwa na utando wa manjano. Bi Nasiha aliugusa kwa ukucha. Ulinata. Hakuhitaji kunusa. Ubani ni utomvu. Ukipata joto hulainika na kutambaa. Chini ya pangaboi haukupata joto. Ndani ya kisanduku kilichofungwa ulilipata, ukajipenyeza kati ya jino na mguu. Alhamisi karibu elfu moja.

"Nani alikuwa akiifukiza mashine?"

"Mimi."

Kahindi aliijaribu diski mara nne, kisha akaiweka chini. "Zile chipu kumi na sita bado zipo," alisema. "Nikilehemu..."

"Zije zifungue nini?"

Bi Nasiha akamwonyesha picha mbili katika simu: wimbo wa kwanza mzima, na wa pili hadi mstari wa nne.

"Angalau hizi umeziokoa, mwalimu."

"Hizi zinaimbwa kila harusi, fundi. Hata wewe unazijua."

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, jirani yake Mejumaa alimwita kutoka dirisha la pili. "Bi Nasiha! Mbona leo hatusikii udi wako? Kuna usalama?"

"Mkaa umekwisha," akajibu, na gunia lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa.